Shajara ya mradi: nyongeza za umaliziaji ndani ya mkopo wa nyumba, Kigamboni

Nyumba ni ya vyumba 3, chini tu, eneo la ndani mita za mraba 92, Kigamboni, Dar es Salaam. Bei ya kampuni iliyojenga ni shilingi milioni 110. Kwa bei hiyo mnunuzi anapata plasta na rangi, sakafu ya saruji iliyolainishwa, milango, madirisha ya aluminiamu, nyaya za umeme na vyoo. Vigae, dari ya jipsamu, kabati za jikoni, tenki, pevingi na kipande cha uzio havimo. Benki inatoa asilimia 80 ya thamani kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayohesabiwa kwa salio linalopungua, miaka 15. Shajara hii inafuata jinsi nyongeza hizo zilivyoingizwa kwenye mkopo uleule wa kununulia nyumba, badala ya kukopwa pembeni baada ya kuhamia.

Wiki ya 1

Orodha ya kwanza ya nyongeza ilikuja na jumla ya milioni 31.4, imeandikwa kwa mkono, bei za kukadiria. Orodha ya namna hii benki haiifanyii kazi. Kila mstari unatakiwa uwe na kipimo, idadi, bei ya kipande na bei ya ufundi, yaani BOQ iliyosainiwa na mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Ukipeleka mstari usemao "vigae nyumba nzima, milioni 6", afisa mikopo hana namna ya kujua baadaye kama kazi imefika nusu au robo, kwa hiyo hana namna ya kulipa kwa awamu.

Wakati ni jambo la kusimamia tangu siku ya kwanza. Nyongeza ziingie kwenye faili kabla ya barua ya ofa ya benki kusainiwa. Hati ya rehani ikishasajiliwa kwa kiasi fulani, kuongeza hata milioni 5 juu yake kunarudisha kila kitu mwanzo: uthamini mpya, wakili, ushuru wa stempu, usajili, na wiki kadhaa za kusubiri.

Wiki ya 2

Benki imeondoa milioni 3.4: mapazia, friji na jiko la gesi. Kipimo chake ni kimoja. Kitu kikiwa kimeshikamana na jengo au ardhi, kikibaki pale nyumba ikiuzwa, kinaingia kwenye rehani. Kinachobebwa na gari la kuhamia hakiingii. Kabati zilizofungwa ukutani zinaingia, kabati la nguo la kusimama halimo. Geza, yaani tenki la kupashia maji kwa umeme, linaingia. Kiyoyozi chenyewe benki hii haikukubali, lakini mabomba yake ya shaba ndani ya kuta ilikubali.

BOQ iliyobaki ni milioni 28 kamili:

Vigae vya sakafu na kuta za bafu na jikoni, 5.62
Kabati za jikoni na meza ya graniti, 6.20
Dari ya jipsamu mita za mraba 84, 3.19
Tenki lita 2,000, mnara wa chuma, pampu na mabomba, 2.75
Pevingi mita za mraba 110, 3.52
Uzio mita 34 na geti, 5.10
Geza lita 50 na waya wake, 0.74
Mabomba na pointi za viyoyozi vyumba 3, 0.88

Mfano wa jinsi mstari unavyotakiwa kujengwa ni wa vigae. Sakafu mita za mraba 92, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unapata 101.2. Boksi la vigae vya sentimita 60 kwa 60 lina vipande 4, sawa na mita za mraba 1.44, kwa hiyo maboksi 71. Kuta ni mita za mraba 38, pamoja na asilimia 10 zinakuwa 41.8, vigae vya 30 kwa 60 vinakuja 8 kwa boksi, mita za mraba 1.44 vilevile, hesabu inatoa 29.03, kwa hiyo unanunua 30. Gundi mfuko wa kilo 20 unafunika kama mita za mraba 4.5 ukitandazwa sawasawa, hivyo mita 130 zinataka mifuko 29. Maboksi yote yatoke kundi moja la kiwandani. Namba ya kundi imeandikwa ubavuni mwa boksi, na maboksi ya kundi jingine yanaweza kuwa na rangi iliyopishana kidogo, tofauti usiyoiona dukani lakini inayoonekana jua la asubuhi likiingia sebuleni.

Mstari mmoja ulisahaulika ukaongezwa ndani ya ufundi wa vigae: kukata milango 5 ya ndani. Kigae milimita 9 au 10 na gundi milimita 4 au 5 vinainua sakafu kama milimita 14, na milango iliyokwisha kupachikwa haitafunguka tena.

Wiki ya 3

Mthamini amefika. Anatakiwa awe amesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, na ripoti yake inapitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Tenga muda wa hatua hiyo. Aliombwa thamani mbili: nyumba ilivyo, na nyumba itakavyokuwa nyongeza zikikamilika kwa BOQ iliyoambatishwa. Usipoomba ya pili kwa maandishi, utapewa ya kwanza tu, na nyongeza zako zote zitakuwa nje ya hesabu ya benki.

Matokeo: nyumba ilivyo, milioni 110. Ikikamilika, milioni 131. Yaani gharama ya milioni 28 imeongeza thamani ya milioni 21. Karatasi yake ya kazi inaonyesha upungufu umetokea wapi. Uzio na geti vimehesabiwa 5.0 kati ya 5.1, pevingi 3.2 kati ya 3.52, tenki na mfumo wake 2.4 kati ya 2.75, vigae 4.9 kati ya 5.62. Kabati za milioni 6.2 zimepewa 3.6. Jipsamu ya 3.19 imepewa 1.5. Geza 0.3, mabomba ya viyoyozi 0.1.

Hilo halikushangaza. Mnunuzi wa kesho Kigamboni analipia usalama, maji na mahali pa kuegesha gari pasipo na matope. Mtindo wa dari na rangi ya graniti ni mapenzi ya mtu, na mthamini hawezi kuweka mapenzi ya mtu kwenye soko. Mtu anayejua hili mapema anapanga vizuri zaidi fedha ya mfukoni iende wapi.

Wiki ya 4

Hesabu ya mkopo. Benki inachukua kidogo kati ya gharama (110 na 28, jumla 138) na thamani (131), kisha asilimia 80 ya hicho kidogo: milioni 104.8. Bila nyongeza ingekuwa milioni 88. Kwa hiyo mkopo umebeba milioni 16.8 ya nyongeza, na milioni 11.2 ya nyongeza hizo inatoka mfukoni, juu ya milioni 22 ya mchango wa kununua. Taslimu yote ni milioni 33.2, kabla ya wakili, uthamini, usajili na bima, ambavyo kwenye mradi huu vimefika milioni 3.9. Bima ya maisha ya mkopaji inakokotolewa kwa mkopo wote, hivyo nyongeza zimeipandisha nayo.

Marejesho ya milioni 104.8 kwa miezi 180 ni karibu sh 1,466,800 kwa mwezi. Kwa milioni 88 yangekuwa sh 1,231,650. Tofauti, karibu sh 235,100, ndiyo bei ya mwezi ya nyongeza. Kwa mtumishi wa umma hapa ndipo kanuni ya theluthi inapouma: makato yote yakiunganishwa, asibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Mkopo wa chama cha kuweka na kukopa ambao bado unakatwa unaweza kuzima nyongeza zote hata kama thamani ya nyumba inazibeba.

Sasa ulinganisho ambao watu wengi wanauacha. Milioni 16.8 hiyohiyo kwa mkopo binafsi wa miaka 5, riba asilimia 17, inalipwa sh 417,500 kwa mwezi, jumla milioni 25.05. Ndani ya mkopo wa nyumba, kwa riba ndogo zaidi ya asilimia 15, jumla ya miaka 15 ni milioni 42.3. Riba ni ndogo, gharama ni kubwa, kwa sababu muda ni mara tatu. Graniti itakuwa imeshabadilishwa na bado inalipiwa.

Njia ya kati ipo na ndiyo iliyochaguliwa. Nyongeza zinabaki ndani ya rehani, lakini mkataba unaruhusu malipo ya ziada yanayopunguza deni la msingi bila faini. Mkopaji akilipa kwa ajili ya kipande hicho sh 417,500 badala ya 235,100, kinaisha katika miezi 57, jumla milioni 23.5. Mwezi ukiwa mgumu anarudi kwenye marejesho ya kawaida bila kuvunja mkataba, jambo ambalo mkopo binafsi haumruhusu. Kifungu kilitafutwa na kusomwa chote kabla ya kusaini. Maneno ya kutafuta ni mawili: ziada inapunguza muda, au inapunguza rejesho la mwezi? Inayopunguza muda ndiyo inayookoa riba. Na kama kuna faini ya kulipa mapema, inahesabiwa juu ya ziada au juu ya salio lote?

Wiki ya 5 hadi ya 8

Makaratasi. Kiwanja kina hati yake, kodi ya pango la ardhi imelipwa. Ridhaa ya mwenza imeandikwa na kushuhudiwa. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila hiyo kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, na faili lisilo na ridhaa hiyo linakwama mezani kwa wakili wa benki hata kila kitu kingine kikiwa tayari.

Hati ya rehani imesajiliwa kwa milioni 104.8 tangu mwanzo, ingawa siku ya kwanza zinatoka 88 tu. Riba inaenda juu ya kiasi kilichotoka, si kilichosajiliwa.

Na kampuni iliyojenga imesainiwa nyongeza ya mkataba yenye BOQ, michoro, siku za kazi, na sentensi inayosema dhamana ya kasoro haikatiki kwa sababu ya kazi hizi. Bila sentensi hiyo, bomba likivuja baada ya fundi wa nje kutoboa ukuta, kila upande utamnyooshea mwenzake kidole. Kazi za ndani zote zinafanywa na mkandarasi wa kampuni. Uzio, mnara wa tenki na pevingi vinafanywa na mkandarasi mwingine, naye amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, sharti la benki.

Wiki ya 9

Milioni 88 zimetoka, zimeenda kwa muuzaji moja kwa moja. Kipindi cha kulipa riba tu kimeanza, mwisho miezi 6. Riba ya mwezi ni milioni 1.1, sawa na kama sh 254,000 kwa wiki. Namba hiyo imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya eneo la kazi, kwa kuwa kila wiki inayopotea inalipiwa bila deni kupungua hata shilingi.

Utaratibu wa kutoa milioni 16.8 zilizobaki: fedha ya mkopaji inatangulia. Milioni 11.2 zionekane zimegeuka kazi, zikaguliwe, ndipo benki itoe awamu ya kwanza. Benki nayo inalipa kazi iliyokwisha kufanyika, kwa cheti cha mkadiriaji, na inazuia asilimia 5 ya kila cheti hadi miezi 6 baada ya kukamilika.

Kwa hiyo kilichopangwa kulipwa na mfuko wa mkopaji ni kile kinachotangulia kwa mpangilio wa ujenzi: mabomba ya viyoyozi 0.88, jipsamu 3.19, vigae 5.62, na sehemu ya mabomba ya maji yanayopita chini ya sakafu na ndani ya kuta, 1.51. Jumla 11.2. Benki inabaki na uzio na geti 5.10 pamoja na tenki na mnara 1.24 (awamu ya kwanza), kabati na geza 6.94 (ya pili), pevingi 3.52 (ya tatu).

Wiki ya 10 na 11

Mabomba ya shaba yamelazwa, yamejazwa naitrojeni na kuachwa na geji usiku mzima kuona kama yanavuja, kabla ya kuzibwa. Bomba la maji ya kiyoyozi limewekewa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Ukikosea hapa, maji yanarudi ndani na doa la kahawia linatokea kwenye jipsamu mpya, kisha unalipia dari mara mbili.

Mbao za jipsamu za mita 1.2 kwa 2.4 zinafunika mita za mraba 2.88; 84 zinataka 30, pamoja na za akiba 33. Zimesimamishwa juu ya vipande vya mbao, hazikulazwa kwenye saruji inayopumua unyevu.

Wiki ya 12

Vigae vinaendelea. Risiti za EFD (mashine ya kodi) za kila ununuzi zinawekwa kwenye faili siku hiyohiyo. Benki inakataa karatasi ya duka isiyo ya EFD hata kama mzigo upo mbele ya macho.

Uzio umeanza nje kwa mtaji wa mkandarasi, ambaye anategemea malipo ya awamu ya kwanza wiki ya 15. Mchanga uliletwa tripu mbili, ya pili ikarudishwa: ulikuwa wa pwani, una chumvi. Tofali la mchanga huo linachanua unga mweupe na kumega plasta baada ya mvua moja au mbili za masika.

Wiki ya 14

Ukaguzi wa kuthibitisha fedha ya mkopaji. Mkaguzi hakuangalia vigae kwa macho. Alitoa sarafu ya shilingi 200 mfukoni, akapiga magoti mlangoni mwa sebule, akaanza kugonga kigae kimoja kimoja, pembe nne na katikati. Kigae kilichoshika kinatoa mlio mfupi mkavu. Kisichoshika kinaitika kama mtungi mtupu. Kati ya vigae 256 vya sakafu, 11 viliitika, saba vikiwa kwenye njia ya kutoka jikoni kwenda sebuleni, mahali panapokanyagwa kuliko pote. Kimoja kilipong'olewa, mgongo wake ulikuwa na madonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, na kati yake tupu.

Hiyo ni kazi ya haraka ya jioni. Gundi inatandazwa sakafuni kwa mwiko wenye meno, mistari ikielekea upande mmoja, kigae kinakandamizwa na kusogezwa kukatiza mistari hiyo ili hewa itoke. Madonge yanaokoa dakika chache kwa kigae, lakini kiti kikiburutwa au sufuria ikianguka, kigae kinapasuka juu ya tupu. Huko tupu ndiko pia maji ya kudekia yanakojikusanya.

Cheti hakikutolewa. Vigae 11 vimeng'olewa, gundi ya zamani imechokonolewa hadi saruji, vimepangwa upya kwa gharama ya mkandarasi. Siku 9 zimepotea. Riba ya siku hizo kwa milioni 88 ni sh 325,000, na nyongeza ya mkataba haikuwa na kifungu cha kumtoza mkandarasi ucheleweshaji wa aina hii. Kiwekwe: kila siku ya kuchelewa inayotokana na kazi iliyokataliwa, mkandarasi anabeba riba ya siku hiyo.

Nje, mkandarasi wa uzio alisimamisha kazi kwenye mita ya 21 kwa kuwa malipo hayajafika na duka la tofali halikopeshi. Hivi ndivyo kosa la ndani linavyosimamisha kazi ya nje katika mkopo wa awamu.

Wiki ya 16

Cheti cha fedha ya mkopaji kimepita. Uzio umemalizika, mnara wa tenki umesimama. Tenki la lita 2,000 likijaa ni tani 2 za maji, hivyo miguu minne ya mnara imekaa kwenye zege, haikuwekwa juu ya sahani za chuma kwenye udongo wa mchanga. Geti na mnara ni vyuma vilivyochovywa zinki kwanza; hewa ya bahari inakula rangi ya kawaida iliyopakwa juu ya chuma kitupu.

Awamu ya kwanza: 6,340,000, imezuiwa 317,000, imelipwa 6,023,000.

Wiki ya 17 na 18

Kabati zimekwama, na kikwazo ni utaratibu wa benki. Fundi anataka asilimia 60 ya milioni 6.2 kabla ya kukata ubao, yaani 3,720,000. Benki hailipi kazi iliyo kwenye karakana ya mtu: fundi akifilisika, ubao si wa nyumba. Mfuko wa mkopaji umekwisha.

Ufumbuzi ulichukua siku 8 za kupiga simu. Duka la mbao lilitoa profoma (ankara ya kabla ya malipo) ya mbao zote za kabati, 2,100,000, likazifikisha nyumbani kwenyewe, si karakana. Mkadiriaji akazihesabu, akapiga picha zikiwa ndani ya chumba chenye namba ya nyumba inayoonekana, akatoa cheti kidogo cha vifaa vilivyofika eneo la kazi. Benki ikalilipa duka moja kwa moja. Fundi akahamishia msumeno wake barazani akakatia hapohapo, na ufundi wake ukabaki kwa cheti cha kumaliza. Kwa hiyo rangi ya mwisho ya kuta iliahirishwa hadi vumbi la mbao liishe.

Utaratibu huu wa cheti cha vifaa uandikwe kwenye barua ya ofa mapema kwa kila kitu kinachotengenezwa nje ya nyumba: kabati, geti, mnara. Ulipoombwa baadaye ulipitia meza nne.

Mbao zilizochaguliwa ni plaiwudi ya kustahimili maji kwa kabati za chini, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) kwa za juu tu. MDF chini ya sinki inavimba kingo mara bomba linapotoa jasho. Vipimo vilichukuliwa baada ya vigae, kwa sababu ya zile milimita 14. Graniti haikuagizwa hadi makasha yaliposimama na kusawazishwa kwa pima maji. Kiolezo cha kadibodi kilikatwa juu yake, pamoja na tundu la sinki lenye pembe za mviringo, kwa kuwa ufa wa graniti karibu kila mara unaanzia kwenye pembe kali ya tundu hilo.

Wiki ya 20

Kabati zimefungwa, graniti imekaa. Geza limepewa waya wake wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye boksi la umeme na swichi yake ya ampea 20. Valvu ya usalama ipo na bomba lake limeelekezwa nje. Maji yatatoka kisimani, na visima vingi vya huku vina chumvi, kwa hiyo fimbo ya kuzuia kutu ndani ya geza itakaguliwa kila mwaka.

Awamu ya pili: 6,940,000, imezuiwa 347,000, imelipwa 6,593,000, ikijumuisha ile ya duka la mbao.

Wiki ya 22 na 23

Pevingi inakuja mwisho kwa makusudi; lori la tenki na la graniti yameshaondoka. Bloku za sentimita 20 kwa 10, unene milimita 60, zinaingia 50 kwa mita ya mraba: 5,500, pamoja na asilimia 5 ni 5,775. Chini kuna kifusi cha changarawe kilichoshindiliwa sentimita 15, kisha mchanga sentimita 4. Kingo za zege zimewekwa kabla ya bloku, bila hizo safu za pembeni zinatambaa na zile za kati zinafuata. Mteremko ni sentimita 2 kwa mita, kutoka nyumbani kwenda barabarani. Bomba la kwenda shimo la choo lilifukiwa na kushindiliwa kwa tabaka. Fundi alitaka kulifukia kwa mara moja, na hapo ndipo pevingi hubonyea msimu wa kwanza wa mvua.

Awamu ya tatu: 3,520,000, imezuiwa 176,000, imelipwa 3,344,000.

Wiki ya 24

Mthamini amerudi kuthibitisha ukamilifu, milioni 131 imesimama. Kipindi cha riba tu kimefungwa wiki 11 kabla ya ukomo wake, kwa maombi ya maandishi ya mkopaji, na marejesho kamili ya sh 1,466,800 yameanza. Usipoandika, benki inasubiri hadi miezi 6 yote iishe, na wewe unalipa riba tupu kwa nyumba iliyokwisha kukamilika. Agizo la kudumu la ziada ya kila mwezi limewekwa siku hiyohiyo, likiwa na maneno "kupunguza muda wa mkopo" kwenye fomu.

Wiki ya 50

Ukaguzi wa kuachilia zuio la 840,000, baada ya masika kupita. Uzio safi, hakuna chumvi. Pevingi imebonyea mahali pamoja, kama mita moja na nusu ya mraba, juu ya bomba la maji machafu; bloku zimeinuliwa, mchanga umeongezwa, zimerudishwa. Sarafu imepita tena kwenye vigae vyote 256 na hakuna kilichoitika. Bawaba mbili za kabati la juu zimelegea, zimebadilishwa. Kazi ya siku moja na nusu, imefanywa na makandarasi wenyewe, na zuio lote limelipwa wiki iliyofuata.